Mtoto mmoja, Noah ya siti nane

Shikamoo Mama Mdogo,

Nakuandikia usiku. Mtoto kalala, mama mkwe kalala, mimi nimejifungia jikoni na simu kama mwizi. Nina miaka 32, naishi Njiro hapa Arusha, ni mhasibu kwenye shamba la maua upande wa Usa River. Mume wangu anaendesha watalii. Akishaingia Serengeti tunaongea pale mtandao unaporuhusu, akirudi analala siku mbili, anapokea wageni wengine, anaondoka tena. Silalamiki. Kazi hiyo ndiyo iliyotuezekea nyumba.

Shida yangu ni gari. Naomba usicheke.

Mwaka 2018, kabla sijaolewa, nilinunua Toyota Celica ya mwaka 2003. Ya bluu, milango miwili, gia sita za klachi. Nilidunduliza miaka minne, nikalipa milioni kumi na moja pale Dar es Salaam, nikalileta mwenyewe mpaka Arusha kwa siku moja, nimesimama mara mbili tu. Mtaani kila aliyeliona aliuliza ni la nani. Nikisema langu, wanauliza tena: hapana, la nani? Mpaka nikazoea kujibu kwamba nimeazimwa na dada yangu, na sina dada.

Mama Mdogo, sijui kama umewahi kukaa kwenye gari linalokusubiri. Hili ukiliendesha polepole ni gari tu, kama mengine. Ukivuka mizunguko elfu sita ya injini kwa dakika sauti inabadilika, linakuwa kama limekumbuka jambo. Jumapili baada ya misa ya kwanza nilikuwa nachukua barabara ya Kisongo, naenda mpaka karibu na Makuyuni, nageuza, narudi. Siendi kwa mtu. Mume wangu mwenyewe tulianzia huko huko, kituo cha mafuta Kisongo, yeye na Land Cruiser ya kampuni imejaa vumbi mpaka kwenye vioo. Akaniuliza kama najua ninachoendesha. Nikamuuliza yeye je.

Sasa tuna mtoto wa miezi saba. Alizaliwa kwa upasuaji. Zile siku 84 za likizo ziliisha kabla mgongo haujaacha kuuma, nikarudi kazini. Mama mkwe alishuka kutoka Kibosho na mikungu ya ndizi, akanipikia mtori mpaka nikaota mashavu, na mpaka leo yuko nami, ndiye anayebaki na mtoto. Sina neno baya kwake. Ndiyo maana naumia.

Wiki tatu zilizopita tulikwenda kliniki, mvua inanyesha. Kumweka mtoto nyuma kwenye Celica ni lazima ufungue mlango, usukume siti ya mbele, uingize nusu ya mwili wako mtoto akiwa mkononi, ujipinde, umfunge. Makalio yako yanabaki nje yananyeshewa. Nikamaliza kumfunga, ikawa zamu ya bibi yake. Akatanguliza kichwa. Akakwama. Akatoka, akatanguliza mguu, akaingia kwa ubavu, akakaa magoti kidevuni na kanga imenasa kwenye mkanda. Njia nzima hakusema kitu. Tulipofika nilimvuta kwa mikono miwili, vijana wawili wa bodaboda pale getini wanatazama. Alipopata pumzi akasema, "Mwanangu, hili si gari la mama. Hili ni gari la muhuni."

Tangu siku hiyo wimbo ni mmoja: uza, tununue Noah. Shemeji yangu, mdogo wa mume, ameshapata dalali mwenye mteja wa milioni saba, na ameshaona Noah ya milioni kumi na sita. Tofauti nikope kwenye SACCOS ya kazini, kwa kuwa mshahara wangu una uhakika. Kadi ya gari anasema iandikwe jina la kaka yake, kwa heshima ya nyumba. Mume wangu nilimpata kwenye simu akiwa Seronera, akasema, "Fanya unavyoona, ila mama asitaabike."

Kwa sasa nimepunguza taabu hivi: bibi akiwepo, anakaa mbele anampakata. Asipokuwepo, naweka kile kiti cha mtoto siti ya mbele, kinaangalia nyuma, nafunga mkanda, tunaondoka. Ni rahisi na ninamwona.

Kuna jambo lingine dogo. Jioni nikirudi kazini siingii ndani moja kwa moja. Nazima injini, nakaa garini dakika kumi, sifanyi chochote, hata redio siwashi. Halafu naingia kuwa mama. Nikifikiria kukaa hizo dakika kumi ndani ya Noah, nalia.

Je, ni ubinafsi? Kila anayeniona ananiambia mtoto akija, michezo inakwisha.

Mama wa Njiro


Marahaba, mwanangu.

Nimecheka kidogo pale kwa mama mkwe na kanga, unisamehe. Halafu nikafika pale ulipoandika mtoto anakaa mbele, nikaacha kucheka. Kwa hiyo la gari linasubiri. Tuanze na hili, na ulifanye kesho asubuhi kabla hujawasha injini.

Mtoto ahamie nyuma. Celica yako ina eabegi upande wa abiria, ule mfuko wa hewa ulioficha kichwa ndani ya dashibodi. Kiti cha mtoto kinachoangalia nyuma kikiwekwa pale, mgongo wake unakuwa karibu kabisa na huo mfuko. Gari likigonga, unafumuka kufumba na kufumbua, na kitu cha kwanza unachokipiga ni mgongo wa kiti, penye kichwa cha mwanao. Mfuko uliowekwa kumwokoa mtu mzima ndio utakaomuumiza yeye.

Na bibi asimpakate. Najua, sisi sote tumepakatwa, na wengine tumefika Rombo tumesimama katikati ya magoti ya watu. Lakini piga hesabu, wewe ni mhasibu. Mtoto wa kilo nane, gari liko kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo ule ule ambao askari wa tochi pale Tengeru wanakupungia mkono upite. Likigonga na kusimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mikono ya bibi inatakiwa izuie nguvu ya zaidi ya kilo mia moja. Ni gunia la mahindi linarushwa kutoka mapajani. Hakuna bibi Kibosho nzima mwenye mikono hiyo, na wa kwako ndiye wa mwisho ambaye ningetaka ajilaumu maisha yake yote.

Kiti kikae nyuma ya abiria, si nyuma yako, ili umtoe mtoto upande wa ukingo wa barabara. Kikifungwa na mkanda wa gari, kikamate pale mkanda unapopita ukitikise: kisicheze zaidi ya upana wa vidole viwili. Kiendelee kuangalia nyuma mpaka avuke miezi 15 angalau, na akitosha humo baada ya hapo mwache hivyo hivyo. Shingo yake itakushukuru. Hukusema kiti ulikipata wapi. Kama ni cha mtumba, geuza utafute karatasi ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara, na maandishi ya R44 au R129, ndivyo viwango vya usalama vya viti vya watoto. Kama haipo, au kama hujui kiti kimetoka kwenye gari lililopata nini huko Ulaya, kifanye cha kulishia uji. Nunua kingine hata kama ni kwa kuacha vitu viwili vitatu mwezi huu.

Haya. Gari.

Uza, mwanangu.

Sisemi hivyo kwa sababu umekuwa mama. Wewe mwenyewe umeniandikia sababu, tena kwa ufundi kuliko dalali yeyote: mlango mmoja, siti ya kusukuma, nusu ya mwili ndani, nusu kwenye mvua, tumbo lililopasuliwa mbele na mgongo unaouma nyuma. Na mwanao leo ana kama kilo nane. Atafika kumi na mbili, ataanza kujinyoosha kama ubao kila akiona mikanda, nawe utakuwa umejipinda pale na mfuko wa nepi begani. Mara ngapi kwa siku? Kama bado unajidanganya, chukua mfuko wa sembe wa kilo kumi, uutie na kuutoa kwenye kile kiti mara kumi mfululizo ukiwa umesimama hapo nyumbani. Mara ya saba utakuwa umeshanielewa. Ugumu huo huo ndio uliomtoa mtoto nyuma ukamleta mbele. Haukuwa uzembe wako. Gari lilikuchosha ukatafuta njia ya mkato, na mtu aliyechoka ataitafuta tena.

Mama mkwe naye ana haki ya mlango wake. Mtu aliyekupikia mtori miezi yote hiyo asivutwe kama kiroba mbele ya bodaboda. Ila hilo la "gari la muhuni" usilibebe moyoni. Wazee wetu kila gari lisilobeba ndizi ni la muhuni. Baba yangu aliwahi kuita hivyo baiskeli yenye gia.

Sasa njoo kwenye Noah, maana hapa ndipo nilipovua miwani nikaipangusa.

Mtoto mmoja anahitaji siti moja. Bibi yake moja. Wewe moja. Mume wako akiwa nyumbani, moja. Hizo ni nne, Celica yako inazo. Noah ina nane. Nimekaa na barua yako nikijiuliza hizo nne nyingine ni za nani, na jibu nimelipata bila kutoka jikoni kwangu, kwa sababu nimeolewa Uchagani zaidi ya miaka thelathini. Ni za Desemba. Ni za tarehe 23, barabara ya Moshi imejaa kuanzia Usa mpaka Boma Ng'ombe, na gari moja la ukoo linapanda Kibosho na shangazi wawili, gunia la mchele, mbuzi na kreti za soda. Halafu Januari litakuwa la msiba, Februari la kipaimara, na Jumamosi za kawaida litakuwa la "mwambie mama mtoto atupitie". Sikatai, ni vitu vizuri. Mimi mwenyewe huwa nasubiri huko juu niletewe mchele. Lakini kisiitwe gari la mtoto.

Na dereva wake ni nani? Mume wako yuko Seronera. Akirudi analala, umesema mwenyewe, na ana haki ya kulala. Mtu aliyeshika usukani wa Land Cruiser siku sita kwenye makorongo hataki kuona usukani. Dereva ni wewe. Watu wanadhani wanakuondolea mchezo, kumbe wanakupa kazi ya pili isiyo na mshahara, na mafuta juu yako.

Tena angalia ilivyopangwa. Gari linalouzwa ni lako. Mkopo ni wako. Kadi ni ya mume. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali shemeji anapotoa hata shilingi, sijapaona. Huenda ni kijana mzuri tu mwenye haraka, sitaki kumsingizia. Ila mhasibu kama wewe, ofisini ungeletewa karatasi ya namna hiyo ungeirudisha na kalamu nyekundu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iko wazi kwa hili: ndoa haigeuzi umiliki, ulichokuja nacho kinabaki chako, na kitu kilichopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja kinahesabiwa ni cha mwenye jina mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Celica ni yako kwa kadi na kwa jasho. Ukiigeuza kuwa Noah yenye jina jingine, wewe ndiye utakayebaki na kazi ya kuthibitisha. Mume wako hata hajaomba hilo, kwa hiyo usigombane naye kwa kosa ambalo hajalifanya. Gari litakalokuja liandikwe jina lako, kama hili lilivyo, na usiongeze maelezo.

Nitakuambia kwa nini nimekazia hapo. Mwaka 1989 nilikuwa mwalimu Moshi, nimepanga Majengo, nina Vespa ya kijivu. Mwanamke kwenye Vespa, miaka ile! Watoto wa shule walikuwa wanaisikia kona ya pili wanaanza kufuta ubao. Nilipopata kifungua mimba wangu, nikaambiwa kama ulivyoambiwa: mama hapandi hivyo vitu. Nikauza ndani ya wiki moja, kwa mzee mmoja wa Kiborloni aliyekuwa na biashara ya kuku. Hela ikaja jioni, ikaondoka asubuhi, ikawa mabati ya nyumba ya wakwe. Hakuna aliyeniibia, niliulizwa nikasema sawa, kwa sababu nilikuwa nimechoka na maziwa yanavuja. Kuuza hakukunisumbua, maana mtoto mgongoni kwenye Vespa hapana. Kilichonisumbua ni kwamba kwa miaka sita mzee yule alipita mbele ya shule na matenga mawili ya kuku, na mimi natembea kwa miguu. Mabati yapo mpaka leo. Yana kutu.

Kwa hiyo swali ni ununue nini. Hapa nilikwama, nikampigia mdogo wangu mwenye gereji Unga Limited. Nikamsomea ulivyoandika kuhusu mizunguko elfu sita, akanikatiza: "Huyo dada ana 2ZZ." Akaanza kuhubiri. Nakupa mahubiri yake kwa kifupi, maana yalinigharimu vocha.

Hiyo 2ZZ ni injini ya Celica yako, Toyota waliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha, na ni nzuri kiasi kwamba Lotus wa Uingereza waliichukua wakaiweka kwenye Elise yao. Lakini Toyota hawakuifungia kwenye Celica peke yake. Miaka ile ile ya mwanzo wa 2000 waliiweka kwenye Corolla RunX ya daraja la Z, kwenye pacha wake Allex, na kwenye Fielder ya Z, baadhi yake zikiwa na gia sita zile zile za klachi. RunX, mwanangu! Gari ambalo Arusha nzima inalijua kama la mwalimu mkuu. Milango minne na wa buti wa tano. Fielder ndiyo kabisa, buti lake linameza kigari cha mtoto na mkungu wa ndizi pamoja. Bibi atafungua mlango wake na kukaa kama mtu. Wewe utafika Kisongo na lile jambo utalikumbuka.

Shida ni kuipata, kwa sababu RunX na Fielder nyingi tunazoziona mjini zina injini ndogo ya lita moja na nusu, na herufi Z ya kubandika nyuma haigharimu kitu. Usisome mgongo wa gari, soma namba ya chasisi. Ikianza na ZZE123, ndiyo yenyewe. Ikianza na NZE121, ni ile ya mwalimu mkuu. Ni gari jema, lakini mwambie dalali akushushie bei na akuangalie machoni. Ukiipata ya kweli, mwache fundi aipashe moto kwanza, kisha uende nayo mpaka zile elfu sita. Isipobadilika sauti, huenda kuna bolti kule juu ya injini zimechakaa au zimekatika. Mdogo wangu anasema ni ugonjwa unaojulikana wa zile za awali, na unatibika. Chungulia na kijiti cha oili, maana zina tabia ya kuila kimya kimya.

Tafuta iliyokwisha kuingia nchini. Kuagiza Japani gari la umri huo ni kununua kodi: ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na likishavuka miaka 10 wanakuongezea 30% ya uchakavu. Hesabu hiyo hiyo inakuhusu ukiwa muuzaji. Anayetaka Celica leo hawezi kuiagiza kwa bei ya mchezo, na Toyota waliacha kuzitengeneza mwaka 2006. Mteja wa milioni saba ni mteja wa dalali. Toa picha zake, andika ni gia za klachi na injini ni ipi, waachie vijana wanaofuatilia mbio za magari waoneshane. Anayejua anachokiona hatakutajia saba. Mpaka RunX ipatikane unaweza kungoja. Usikubali kuuza kwanza ukabaki na hela mkononi, unakumbuka mabati. Kwa sasa mtoto yuko nyuma, mgongo utauma wiki kadhaa zaidi, na kwenye mvua mwite mtu akushikie mwavuli.

Siku ya kuuza, nenda na mnunuzi mpaka umiliki ubadilishwe TRA. Usiridhike na mkataba wa mwanasheria halafu kadi ikabaki na jina lako kwa ahadi ya "wiki ijayo". Kijana anayenunua Celica ataiendesha kama kijana aliyenunua Celica, na kila tochi kati ya Tengeru na Moshi itakuwa inamwandikia faini ya 30,000 mama mmoja mhasibu wa Njiro.

Mume wako. "Fanya unavyoona" ni maneno ya mtu aliye mbali, si ya mtu asiyejali. Unavyonisimulia, alikupenda akiwa amesimama mbele ya gari hilo hilo. Mwache arudi, alale siku zake mbili. Siku ya tatu usimpe hotuba. Mpe mtoto amfunge nyuma mwenyewe, kisha yeye akae pale pale pembeni ya mtoto, na wewe uwaendeshe mpaka Usa River na kurudi. Ni mrefu? Vizuri zaidi. Akishuka zungumzeni, magoti yake yatakuwa yameshatoa mchango. Hapo ndipo umwambie la RunX, la kadi, na kwamba hutachukua mkopo wa siti ambazo hazina watu.

Umeniuliza kama ni ubinafsi. Zile dakika kumi getini, mimi ningekushangaa kama usingekuwa nazo. Unatoka kwenye hesabu za watu unaingia kwenye kilio cha mtu mwingine, katikati huna hata varanda. Celica imekuwa varanda yako. Ila mwambie mama mkwe. Usimwachie agundue mwenyewe kupitia dirishani akadhani unamkwepa yeye au unaongea na mtu kwenye simu. Mwambie hivi hivi: mama, nikifika nakaa kidogo garini, nashusha pumzi, halafu nakuja kumpokea mtoto nawe upumzike. Alilea wa kwake pale Kibosho na shamba la kahawa juu. Nina hakika naye alikuwa na jiwe lake la kukalia mahali fulani kwenye migomba. Huenda akakuonesha.

Na siku ya kwenda kuiangalia RunX, nenda naye. Mwache afungue mlango mwenyewe, akae, afunge, atikise makalio kama wanavyofanya. Akikuuliza Noah imeishia wapi, mwambie Desemba mtakodi moja ya kuwapandisha wote Kibosho, na shemeji ameshaahidi mafuta. Shemeji mwenyewe utamwarifu baadaye.